Kutoka ndoo ya lita 20 hadi tanki la lita 1,000: pitieni kwanza kwenye pipa

Swali: "Shikamoo mhandisi. Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Mwandiga, Kigoma. Tunatengeneza sabuni za miche kwa mawese na mafuta kidogo ya mise (kokwa za chikichi). Tunapikia kwenye ndoo za lita 20, kilo 10 za mafuta kwa pishi moja, na tunakoroga kwa mwiko. Sabuni yetu inapendwa Ujiji, inafika Kasulu, na wavuvi wa Kibirizi wanaifuata wenyewe. Sasa tumepata mkopo na tunataka kuagiza tanki la lita 1,000 lenye mota. Fundi anasema tuzidishe vipimo vyetu mara 50, hakuna kingine. Mwenzetu mmoja aliyesoma anasema lazima tuanze na mtambo mdogo wa majaribio. Wengine wanaona hiyo ni kupoteza hela za mkopo. Nani yuko sahihi? Na kama ni majaribio, yanafanywaje?"

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kufika hapo. Mwenzenu aliyesoma yuko sahihi. Fundi naye hajakosea kila kitu: uzito wa mafuta, kostiki (sodiamu haidroksaidi) na maji kweli unazidishwa mara 50. Lakini joto, muda na nguvu ya kukoroga havifuati hesabu hiyo, na ajali nyingi za viwandani zimetokea hapo hapo. Ushauri wangu ni kwamba msiagize tanki bado. Chukueni pipa la chuma la lita 200, mpike humo pishi za kilo 100 za mafuta kwa wiki kadhaa, ndipo mmwambie fundi tanki liweje.

Kuna jambo moja naomba mlishike kabla sijaingia kwenye namba. Watu wengi wakisikia mtambo wa majaribio wanafikiri ni ndoo iliyokuzwa. Wanatengeneza pipa, wanakoroga vizuri kwa nguvu zote, sabuni inatoka safi, wanashangilia, halafu tanki linawashinda. Pipa la majaribio linatakiwa liwe tanki lenu la kesho lililopunguzwa, na lipate shida zile zile ambazo tanki litazipata. Kama tanki litapoa polepole, pipa lipoe polepole. Kama tanki litakoroga kwa uvivu, pipa likoroge kwa uvivu. Jaribio lililofanywa katika raha ambayo tanki halitaipata halina la kuwafundisha.

Tuanze na joto. Ukikuza chombo mara 50 kwa ujazo bila kubadili umbo lake, upana na kimo chake vinaongezeka mara 3.7 tu, na eneo la kuta zake linaongezeka mara 13.6. Maana yake kila lita ya uji wa sabuni ndani ya tanki ina ukuta wa kutolea joto ulio mdogo mara 3.7 kuliko ule iliokuwa nao kwenye ndoo. Kwa hesabu ya haraka, kiwango cha joto ambacho ndoo ilikitoa kwa saa 2, tanki litakitoa kwa zaidi ya saa 7. Ndoo zenu zimekuwa zikiwasaidia kupoza kazi bila ninyi kujua. Kwenye tanki msaada huo haupo.

Sasa angalieni kostiki. Kilo moja ya mawese inahitaji gramu 141 hivi za kostiki ili yote igeuke sabuni, na wengi hupunguza asilimia 5 kwa usalama wa ngozi. Kwa pishi lenu la kilo 10 ni kilo 1.4. Kwa kilo 500 ni kilo 70. Kila kilo ya kostiki inapoyeyuka kwenye maji hutoa joto la karibu kilojuli 1,000, linalotosha kuchemsha lita 3 za maji ya kawaida. Kilo 70 ni joto la kuchemsha karibu lita 200. Kwenye ndoo mnamimina, mnasubiri, hewa ya Kigoma inachukua joto lake na kazi inaendelea. Ukimimina kilo 70 kwa mkupuo kwenye lita 175 za maji, suluhisho linaweza kupita nyuzi 90, na pale chini vipande vilipolundikana litaruka na kumwagikia mtu. Kwa hiyo hata kabla ya kufikiria mafuta, tayari mna swali ambalo ndoo haikuwahi kuwauliza: kostiki hii itayeyushwa kwa muda gani, kwenye chombo gani, na itapozwa na nini? Pipa la majaribio, lenye kilo 14 za kostiki, linaanza kuuliza swali hilo kwa sauti ambayo bado mnaweza kuimudu.

Joto lisilopata pa kutokea limeua watu. Tarehe 19 Desemba 2007, kwenye kiwanda kidogo cha T2 Laboratories mjini Jacksonville, Florida, tanki lililokuwa likipika kemikali ya kuongeza kwenye petroli lililipuka. Watu 4 walikufa na 32 walijeruhiwa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali iligundua kwamba waliokuwa na kiwanda walijaribu kanuni yao kwenye chombo cha maabara cha lita 1, kisha wakaruka moja kwa moja hadi tanki la zaidi ya lita 9,000. Hapakuwa na hatua ya katikati. Katika mapishi ya mwanzo joto lilikuwa likipanda kuliko walivyotarajia, wakarekebisha kidogo na kuendelea. Baadaye wakaongeza ukubwa wa pishi kwa theluthi moja. Pishi la 175 ndilo lililolipuka, siku ambayo maji ya kupozea yalishindwa na hapakuwa na njia nyingine ya kupoza. Sabuni yenu haina ukali wa kemikali ile, hilo nawahakikishia. Lakini tabia ya joto ni ile ile, na pishi 174 zilizopita salama hazikuwa ushahidi wa usalama.

Sabuni nayo ina ujanja wake. Mafuta na maji ya kostiki havipatani, kwa hiyo mwanzoni mambo huenda polepole sana. Sabuni ya kwanza inapotokea, yenyewe huanza kuyachanganya mafuta na maji, na kadiri inavyoongezeka ndivyo kazi inavyokimbia. Hapo katikati joto hupanda kwa muda mfupi, kisha kasi hushuka tena mwishoni. Asiyejua hili hudanganyika na ule utulivu wa mwanzo.

Niliwahi kuitwa kwenye karakana moja iliyokuwa imeruka hatua hii. Pipa lilikuwa limejaa zaidi ya robo tatu. Walikuwa wamemimina nusu ya kostiki, na kwa dakika nyingi mawese yalikaa juu mekundu vile vile kama hayajaguswa. Msimamizi akaamini kostiki ni dhaifu, akaamuru iliyobaki imiminwe yote. Ndani ya muda mfupi wekundu ule ukafifia ukawa rangi ya chungwa iliyopauka, uji ukavimba katikati kama unavutwa kutoka chini, ukafika ukingoni, ukashuka kwa nje hadi sakafuni ukielekea kwenye jiko la mkaa. Vijana waliruka nyuma na hakuna aliyeungua. Waliokota sabuni kwa koleo jioni yote. Kama lingekuwa tanki la lita 1,000, kwa kweli sipendi kufikiria.

Kwa hiyo pipa la lita 200 msilijaze. Kilo 100 za mafuta pamoja na maji na kostiki yake ni kama lita 140, na nafasi iliyobaki ni ya kuvimba. Kostiki iingie kidogo kidogo, na kila mara msubiri kipimajoto kiseme kabla ya kuongeza. Wekeni vipimajoto vitatu: karibu na ukuta, katikati, na karibu na chini. Mtu mmoja kazi yake iwe kuandika joto kila baada ya dakika 5, asikoroge, asibebe ndoo, aandike tu. Karatasi ile ndiyo mali kubwa mtakayotoka nayo kwenye majaribio, kwa sababu itawaonyesha saa ngapi kazi inakimbia na inafika nyuzi ngapi.

Sasa mafuta yenyewe. Hapa ndipo Kigoma inatofautiana na vitabu. Kiwanda kikubwa cha sabuni hununua mafuta ya aina moja mwaka mzima. Ninyi mnanunua kwa mama huyu leo na kwa mzee yule kesho, na kila mmoja ana namna yake. Yuko anayechemsha chikichi siku mbili baada ya kukata, na yuko anayeacha mikungu ilale siku nyingi ili tunda lidondoke lenyewe. Chikichi zikishachubuka, vimeng'enya vilivyomo ndani ya tunda huanza kuyavunja mafuta na kutoa asidi huru. Kwenye biashara ya kimataifa mawese ghafi hutakiwa yasizidi asilimia 5 ya asidi huru. Mawese ya kijijini yanaweza kupita hapo kirahisi.

Wengi hufikiri mafuta yenye asidi nyingi yanahitaji kostiki nyingi zaidi. Tofauti ni ndogo. Kinachobadilika sana ni kasi. Asidi huru haisubiri: inakutana na kostiki na kuwa sabuni papo hapo, bila ule utulivu wa mwanzo. Kwenye ndoo mnaona uji umeshika ghafla, mnakoroga kwa nguvu, mnamimina haraka, imepita. Kwenye tanki uji ukishika ghafla mapanga ya kukorogea yanabaki yamezungukwa na mabonge, kostiki imefungiwa katikati yake na mafuta mabichi yako pembeni. Mche mmoja unaunguza mikono ya mfuaji na mwingine unanuka mawese, na yote imetoka pishi moja.

Ndiyo maana nasema majaribio yenu yafanyeni na mafuta mabaya makusudi. Pishi chache za mwanzo tumieni mafuta mazuri ili mjue hali ya kawaida. Kisha nendeni sokoni mkanunue mawese makuukuu kuliko yote mtakayoyapata, myapike kwa utaratibu ule ule, muone pipa linafanyaje. Mkijua kwamba mafuta yakivuka kiwango fulani uji unashika kabla ya kostiki kwisha, mmepata kanuni ya ununuzi inayolinda tanki: juu ya hapo hatupokei, au tunachanganya na mafuta mazuri hadi yashuke.

Kupima asidi si kazi ya wazungu wa maabara. Mnahitaji mzani wa gramu, bureti moja (mrija wa kioo wenye alama za mililita), spiriti isiyo na rangi, na kiashirio cha fenolfthaleini, dawa inayogeuka waridi penye kostiki. Yeyusheni gramu 10 za mawese, ongezeni mililita 50 za spiriti ya vuguvugu iliyokwisha kutiwa tone la kostiki hadi ikakaribia kuwa waridi, halafu dondosheni suluhisho la gramu 4 za kostiki kwa lita moja ya maji, huku mkitikisa. Wekundu wa mawese utawasumbua macho, kwa hiyo acheni chupa itulie kidogo na mtazame tabaka la spiriti linaloelea juu. Rangi ya waridi ikikaa hapo sekunde 30 bila kupotea, someni bureti. Kila mililita moja iliyotumika ni karibu asilimia 0.26 ya asidi huru. Mililita 20 ni asilimia 5. Binti mmoja wa kidato cha nne kwenye kikundi chenu ataifanya kazi hii vizuri baada ya kufundishwa asubuhi moja.

Mafuta ya mise nayo yanahitaji hesabu yake. Kilo moja ya mise inataka kostiki gramu 176 hivi, siyo 141. Kwenye ndoo, mkiweka kilo 2 za mise kati ya 10 na kusahau tofauti hiyo, mnakosa gramu 70, na sabuni itatoka na mafuta kidogo tu. Kwenye tanki ni kilo 3.5 za kostiki zinazokosekana, na miche yote italainika na kuchacha mapema. Kama kiasi cha mise hubadilika kulingana na bei ya sokoni, amueni sasa uwiano mmoja na mjaribu huo.

Turudi kwenye pipa lenyewe, maana hapa mkikosea majaribio yote yanakuwa bure. Pipa na tanki viwe na umbo moja: kama tanki litakuwa na kimo mara moja na robo ya upana wake, na pipa nalo liwe hivyo hivyo, hata ikibidi kulikata. Panga la kukorogea nalo liwe la umbo moja na uwiano mmoja. Kwa sabuni inayokaza, panga dogo kama la boti huchimba shimo katikati na kuacha uji wa pembeni umesimama. Pendeleeni panga lenye mikono mirefu inayofagia karibu na ukuta na chini.

Kutoka lita 140 za pipa hadi lita 700 za tanki (kilo 500 za mafuta pamoja na maji na kostiki yake) ni mara 5, kwa hiyo vipimo vya urefu vinaongezeka mara 1.7. Ukitaka kila lita ya uji ipate nguvu ile ile ya kukorogwa, mwendo wa panga haubaki ule ule, unashuka. Pipa likizunguka mara 60 kwa dakika, tanki litazunguka kama mara 42. Kwa hiyo uji wa tanki utachukua muda mrefu zaidi kuchanganyika, karibu mara moja na nusu, hata mota ikiwa ya kutosha. Mtu anayesema atazungusha tanki kwa kasi ile ile ya pipa hajapiga hesabu ya mota: nguvu inayotakiwa kwa kila lita ingekuwa karibu mara 3. Jifunzeni basi kwenye pipa je, mkishusha mwendo hadi 42, sabuni bado inatoka sawa? Kama inakataa, ni afadhali ikatae hapo.

Na mota yenyewe ipimeni. Fundi umeme yeyote ana klampu mita, kifaa cha kupimia umeme unaopita kwenye waya. Aishike kwenye waya wa mota mwanzo wa pishi, katikati na mwisho, mwandike ampea. Uji wa sabuni unapokaza hula nguvu mara kadhaa kuliko mwanzoni, na mota nyingi huungua dakika za mwisho, wakati watu wanaamini kazi imekwisha. Namba hizo ndizo zitakazomwambia fundi aweke mota ya ukubwa gani na giaboksi gani, badala ya kukisia.

Kuhusu kupoa, pipa bado linapoa haraka kuliko tanki. Lifunikeni. Kabla hamjapika chochote, lijazeni maji ya nyuzi 80, mhesabu dakika linazochukua kushuka hadi 70. Kisha lizungushieni sponji, magunia yaliyojazwa pumba za mpunga, chochote kinachozuia joto, mrudie kipimo hadi dakika zile zifike mara 1.7 ya mwanzo. Hapo pipa lenu limeanza kuigiza tanki. Hii ni kazi ya mchana mmoja na kuni kidogo, na wengi huiruka kwa sababu inaonekana ya kitoto.

Chuma cha pipa kiwe kile kile cha tanki. Sufuria za alumini msizilete karibu: kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Mabati yaliyopakwa zinki ni hivyo hivyo. Shaba huharakisha sabuni kuchacha. Chuma cha kawaida kinafaa kama kinatunzwa, chuma kisichoshika kutu ni bora kama mkopo unaruhusu. Msidharau jambo hili. Carl Bosch na wenzake wa kampuni ya BASF, Ujerumani, walipochukua kazi ya Fritz Haber ya kutengeneza amonia kutoka hewani, mitungi yao ya majaribio ilipasuka baada ya saa kama 80 za kazi. Haidrojeni ilikuwa ikipenya kwenye chuma kigumu cha mitungi hiyo na kuiondoa kaboni iliyokipa ugumu. Kwenye meza ya maabara tatizo hilo halikuonekana, na mitungi midogo ya majaribio ndiyo iliyolifichua. Bosch alibuni mtungi wa kuta mbili, chuma laini ndani na chuma kigumu chenye vitundu nje, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi. Sehemu kubwa ya mbolea ya naitrojeni duniani inapita kwenye funzo hilo.

Kisha pipa lifanyieni ubaya mwingine. Katikati ya pishi, uji ukiwa umeanza kukaza, zimeni umeme kwa dakika 20 kama vile umekatika. Washeni tena. Panga linazunguka au limekamatwa? Kama limekamatwa, tanki lenu linahitaji bomba la mvuke au maji moto ukutani la kulainisha uji, jenereta ndogo ya mota tu, na tundu la chini lenye upana wa kutosha. Umeme utakatika, hilo halina mjadala. Bora likamatwe pipa ambalo mnaweza kulipindua na kulikwangua.

Pimeni pia muda wa kumimina. Ndoo inamiminwa kwenye kasha kwa dakika moja. Tanki lina karibu kilo 750 za uji, na kupitia bomba moja mtatumia dakika 40 au zaidi. Uji wa mwisho si uji wa mwanzo tena, umekaza, umepoa, manukato yamepotea. Kwenye pipa mnaweza kuliigiza hili kwa kumimina kidogo, kusubiri, kumimina tena, mpaka zitimie dakika zile zile. Halafu kateni mche kutoka kasha la kwanza na mche kutoka kasha la mwisho, mpime alkali iliyobaki kwa kudondosha fenolfthaleini kwenye sehemu iliyokatwa upya. Ikiwa waridi kali huku na nyeupe kule, uji haukuchanganyika.

Maji na chumvi ya majaribio viwe vile mtakavyotumia kila siku. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH ya karibu 9 na magnesiamu nyingi kuliko kalisi. Mkiyeyushia kostiki humo mtaona ukungu mweupe, ni magnesiamu inayojitenga. Kwa miche ya kawaida athari yake ni ndogo. Lakini kama mna mpango wa baadaye wa kutenga sabuni kwa chumvi ya Uvinza ili muipate safi zaidi, uchafu wa chumvi na wa maji unajumlishana, na hapo pipa litawaambia kama mnahitaji kuacha maji yatulie na kuchuja. (Chemchemi za Uvinza zimekuwa zikitoa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, kwa hiyo ni malighafi yenu ya nyumbani kabisa, na ningefurahi kuona inatumika.) Maji yanayobaki baada ya kutenga yana kostiki na gliserini. Yasifike ziwani.

Kuhusu hela. Naelewa hofu ya wenzenu, mkopo una tarehe zake. Lakini sabuni ya majaribio haitupwi. Pishi lililoharibika huyeyushwa tena na kurekebishwa, mradi mjue kilichokosekana, na lililotoka vizuri mnaliuza. Kilo 100 za mafuta ni pishi 10 za ndoo zenu za sasa, kwa hiyo hata wakati wa majaribio mnazalisha. Pipa lenyewe halitakuwa chuma chakavu baadaye. Kila mkitaka kubadili manukato, kuongeza mise au kumfundisha mtu mpya, mtarudi kwenye pipa na si kwenye tanki. Ombeni fundi awafanyie kazi kwa sehemu mbili, pipa na panga lake kwanza, tanki baadaye kwa vipimo mtakavyompa. Fundi mzuri hatakataa, maana hata yeye anaokoka na lawama. Ofisi ya SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) Kigoma nayo inaweza kuwasaidia kusoma michoro yake kabla hamjalipa.

Majaribio yaishe lini? Siyo siku sabuni itakapotoka nzuri. Yaishe pale mtakapoweza kusema kabla ya pishi, kwa mafuta haya, joto litafika nyuzi hizi baada ya dakika hizi, na mota itakula ampea hizi, na ikatokea hivyo mara tatu mfululizo na watu tofauti wakishika usukani. Kama bado mnashangazwa, endeleeni. Na hata tanki likifika, siku ya kwanza pikeni maji moto tu, mkague bomba, vizibo na mota. Kisha pishi la kilo 300 za mafuta, mradi panga lizame vizuri. Kilo 500 zifuate baadaye.

Jambo la mwisho ni nafasi ya kukaushia, na hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Pishi moja la tanki litawapa kama miche 750 ya kilo moja moja. Mnaiweka wapi? Ndoo zenu zimezoea rafu moja ya mbao chini ya mti. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua za Kigoma hazitawaruhusu kukausha nje, na miche iliyopangwa ikigusana huota jasho na madoa. Wakati wa majaribio ya pipa pimeni uzito wa miche 10 kila wiki hadi uache kushuka. Mkipata kwamba inachukua wiki 4, na mnataka kupika mara mbili kwa wiki, mnahitaji rafu za kubeba miche 6,000 kwa wakati mmoja, ndani, penye upepo. Huenda mkagundua kwamba sehemu kubwa ya mkopo inatakiwa kwenye banda la kukaushia, na tanki la lita 500 linawatosha kwa sasa. Mkishaandika namba za pipa, nitumieni karatasi za joto pamoja na ampea za mota, tukae tupige hesabu ya tanki pamoja. Na kabla ya kilo ya kwanza ya kostiki ya jumla haijapanda gari Dar es Salaam, ulizeni ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali masharti ya usajili wa kuihifadhi.